Waliotoa Mikono Yao: Karne ya Utafiti wa Tiba Ufuoni mwa Kisumu

Mwishoni mwa Aprili 2021 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza kwamba aina mpya ya virusi vya korona, ile iliyokuwa ikiteketeza watu India na ambayo baadaye iliitwa Delta, imeingia nchini. Ilikuwa imeonekana Kisumu. Tarehe 1 Juni sherehe za Madaraka zikafanyika papo hapo mjini, katika uwanja mpya wa Mamboleo, na mji ukajaa wageni. Mwezi haukuisha kabla serikali haijaziwekea vikwazo kaunti 13 za ziwa na magharibi: kafyu kuanzia saa moja jioni, mikutano marufuku, masoko yasiyo ya chakula yafungwe. Katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi hadi leo wanaiita Russia, vitanda vilijaa. Na chanjo hazikuwepo za kutosha. Kenya ilikuwa imepokea dozi milioni moja na ushei za AstraZeneca mwanzoni mwa Machi, kisha India, iliyokuwa ikizitengeneza, ikazuia kuziuza nje ili iwachanje watu wake. Waliokwisha kupata dozi ya kwanza waliambiwa wangoje ya pili kwa wiki 12 badala ya 8. Walio wengi hawakuwa na cha kungojea.

Jambo hilo linauma zaidi ukijua ni watu gani waliokosa. Ufuo huu wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, kuanzia Kombewa na Kisian hadi Asembo, Bondo na Siaya, una watu waliotolewa damu, wakachanjwa kwa majaribio na kuhesabiwa nyumba kwa nyumba kwa miaka zaidi ya arobaini. Dawa, vyandarua na chanjo zinazotumika leo katika nchi ambazo hawatazifika kamwe zilipitia kwanza kwenye miili yao na ya watoto wao. Nataka kufuata historia ya kukubali kwao: nani alikuja kuomba, aliomba vipi, na alirudisha nini. Hilo la tatu ndilo ninaloliona kuwa mzizi wa mengine yote.

Mwanzo wake haukuwa wa kuomba. Reli ilifika Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901. Miaka hiyohiyo malale yalikuwa yakiwafyeka watu wa Busoga na Buganda, yakashuka hadi ufuo wa Nyanza. Upande wa Uganda pekee walikufa zaidi ya watu 200,000. Royal Society ya London ikatuma tume, David Bruce akafika Entebbe mwaka 1903, na, kupitia machifu na wamisionari, wenyeji wakatumwa kumkusanyia mbung'o kutoka pande zote za ziwa, hadi ramani ya mbung'o ikalingana na ramani ya ugonjwa. Ilikuwa kazi kubwa ya sayansi, na mikono iliyoifanya ilikuwa ya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Mwaka 1906 na 1907 akaja Robert Koch, aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel. Alipiga kambi visiwani Sese akawadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoongeza kipimo, baadhi yao walipofuka. Gavana Hesketh Bell naye akaamuru watu wahamishwe kutoka ufuo na visiwa vya Uganda. Kumuuliza mgonjwa kama anakubali hakukuwa sehemu ya kazi.

Upande wa Nyanza, mtu aliyesimama kati ya serikali na boma alikuwa chifu. Barazani kwake ndiko kodi ya nyumba ilikotangazwa. Barazani ndiko vijana walikotakiwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza hadi Tanganyika. Nyanza ilitoa wapagazi wengi mno, na aliyekuwa mkuu wa jimbo, John Ainsworth, ndiye aliyekabidhiwa mwaka 1917 kusimamia ukusanyaji wa wapagazi wa nchi nzima. Maelfu walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Ninataja vita hivyo katika makala ya chanjo kwa sababu miaka sitini baadaye watafiti walipotaka kuingia vijijini waliambiwa, na ni ushauri unaotolewa mpaka leo, waanze kwa chifu. Ni sahihi kuanzia hapo. Hakuna anayeingia kijijini kama mwizi. Lakini anayesikiliza barazani anasikiliza akiwa na kumbukumbu ya yaliyowahi kutangazwa pale, na chifu akisema jambo ni la hiari, wazee wanatazamana.

Ndipo palipoota hadithi za wanyonya damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya kutoka Kenya, Uganda na kwingineko katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000: wazimamoto wanaokamata watu usiku, magari yasiyo na madirisha, mashimo ya kuwekea watu. Katika vijiji vya Waluo hadithi hiyo ilikuwa na jina lake, kachinja, na mwanaanthropolojia Wenzel Geissler aliandika mwaka 2005 jinsi watafiti waliokwenda kuchukua damu na choo cha watoto wa shule kuchunguza minyoo walivyokuta wanaitwa hivyo. Kuna watu wa afya wanaozisikia hadithi hizi na kuzitupa kapuni kama ujinga. Mimi naziona kama swali lililoulizwa kwa njia pekee iliyobaki. Gari linakuja, linachukua damu, linaondoka, na mtoto anabaki na homa yake. Damu imekwenda wapi, na nani amenufaika nayo?

Baada ya uhuru kazi iliendelea kwa sura nyingine. Kati ya 1973 na 1976 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karibu na Kisumu dawa ya kupuliza ukutani iitwayo fenitrothioni, na kaya zikafungua milango, zikatoa vyombo nje, zikapuliziwa vyumba vyote. Kutoka miaka hiyo dunia ya sayansi ilibaki na mbu wa Kisumu: kizazi cha Anopheles gambiae kilichofugwa maabara kutokana na mbu waliokamatwa hapa, kisichokuwa na usugu wowote wa dawa, ambacho hadi leo maabara za Ulaya, Amerika na Afrika hukitumia kupimia dawa mpya za mbu. Kinaitwa Kisumu tu. Ukisoma taarifa ya utafiti wa chandarua uliofanywa popote, uwezekano ni mkubwa utakuta jina la mji huu humo, na mwandishi wake hajawahi kuuona.

Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliundwa mwaka 1979, na ushirikiano wake na CDC ya Marekani ukajenga kituo kikubwa Kisian, kando ya barabara ya kwenda Busia. Lakini nikiulizwa ni wapi watu wa ufuo huu walianza kuombwa kama watu, nitajibu Saradidi.

Saradidi iko Asembo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 parokia ya Kianglikana na daktari Dan Kaseje waliendesha pale mradi wa afya ambamo wanakijiji wenyewe walichagua nani awahudumie. Aliyechaguliwa hakulipwa mshahara. Alipewa mafunzo, akapewa klorokwini, na jirani mwenye homa alimwendea nyumbani kwake badala ya kutembea hadi zahanati. Watafiti wa malaria waliokuja hapo walikuta jamii yenye kamati zake na maswali yake, na ilibidi wajibu kabla ya kupima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalisema ukweli mgumu: watu walitumia dawa kwa wingi, lakini vifo havikushuka kwa kiasi cha kuonekana, na vimelea vilikuwa vimeanza kuizoea klorokwini. Mradi haukushusha vifo kama ulivyotarajiwa, na bado uliacha kitu ambacho tafiti zote zilizofuata ziliegemea: mtu wa kijijini anayejulikana, ambaye akisema mgeni huyu ni salama, anasadikiwa kwa sababu yeye hana pa kukimbilia mambo yakiharibika.

Ndiyo maana jaribio la vyandarua la Asembo na Gem liliwezekana. Kati ya 1997 na 1999 zaidi ya vijiji 200, vyenye watu zaidi ya laki moja, viligawanywa kwa bahati nasibu: nusu vipate mara moja vyandarua vilivyotiwa dawa ya permethrini, nusu vingoje. Fikiria maana ya kungoja pale. Mama wa kijiji kimoja anaona kwa jirani, ng'ambo ya kijito, kila kitanda kina chandarua, na yeye ameahidiwa tu. Anaendelea kufungua mlango, anaendelea kueleza nani amezaliwa na nani amekufa, na katika miaka hiyo miwili watoto walikufa kwa malaria katika vijiji vyote. Hesabu ilipofungwa ilionekana vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimepungua kwa takriban asilimia 16 katika vijiji vyenye vyandarua. Likaonekana na jingine ambalo halikutegemewa: nyumba zisizo na chandarua, zilizokuwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kijiji chenye vyandarua, nazo zilikingwa, kwa sababu mbu walikuwa wanakufa kwa jirani. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba chandarua cha mmoja ni kinga ya wengi, na sera ya dunia ya kugawa vyandarua bure kwa kila kaya ilipata hapo moja ya nguzo zake.

Mwaka 1999 vijiji vilivyongoja vilipewa vyandarua vyao. Naliweka jambo hili katikati ya makala makusudi. Ahadi ilitolewa kwa tarehe inayoeleweka, kwa kitu kinachoshikika, na ikatimizwa mbele ya macho ya kila mtu. Mwaka 2001 KEMRI na CDC walipoanza kuandikisha kila kaya ya Asembo na Gem, mpimaji akipita kila baada ya miezi minne kuuliza waliozaliwa, waliokufa, waliohama, watu walifungua milango. Karemo ikaongezwa baadaye, na eneo zima likafika watu zaidi ya laki mbili. Majaribio mengi ya chanjo yaliyofuata Siaya yalisimama juu ya orodha hiyo.

Wakati huohuo janga jingine lilikuwa limekwisha kuingia kila boma. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka 1984, na hakuna mkoa ulioumia kama Nyanza. Mwaka 1990 Rais Moi alizindua kwa shangwe Kemron, dawa ya kumumunya iliyotangazwa na KEMRI chini ya Davy Koech kwamba inawapa nafuu wagonjwa. Majaribio ya baadaye katika nchi nyingine hayakuona faida yoyote. Kwa watu waliokuwa wakizika kila Jumamosi, matumaini yale na kuporomoka kwake yaliacha jeraha ambalo sidhani tumelizungumza vya kutosha.

Ndipo likaja ombi lililokuwa gumu kuliko yote. Waluo kwa desturi hawatahiri. Alama yao ya kukua ilikuwa kung'oa meno ya chini. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi, Illinois na Manitoba, akina Robert Bailey, Stephen Moses na Jeckoniah Ndinya-Achola, walianza Kisumu kuwatafuta vijana wa miaka 18 hadi 24 wakubali kura: wengine watahiriwe sasa, wengine wangoje miaka miwili. Waliojiunga walikuwa 2,784. Kijana aliyekubali alikuwa anakubali kukatwa kitu ambacho siasa za Kenya zilikuwa zimekigeuza tusi dhidi ya kabila lake, na wengi wao waliishi kuona, Januari 2008, wanaume Waluo wakitahiriwa kwa nguvu na magenge kule Naivasha. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa wazi: maambukizi yalipungua kwa zaidi ya nusu. Waliokuwa wakingoja wakapewa nafasi ya kutahiriwa hapohapo. Baraza la wazee wa Kiluo chini ya Ker, yaani mkuu wake, Riaga Ogallo lilipinga mwanzoni, Raila Odinga akiwa Waziri Mkuu akaunga mkono, na mwaka 2008 mpango wa taifa ukaanza. Vijana wale hawakulinda Nyanza peke yake. Jibu lao, pamoja na la Rakai huko Uganda na Orange Farm huko Afrika Kusini, limetumika kusini na mashariki mwa Afrika nzima.

Bondo ilifundisha somo la upande wa pili, na mimi hulirudia kila ninaposikia mtu akijisifu kwa idadi ya waliojiandikisha. Utafiti wa FEM-PrEP uliwaomba wanawake wa Bondo, wa Afrika Kusini na wa Tanzania wameze kila siku kidonge cha kuzuia virusi vya ukimwi, wengine cha kweli na wengine kisicho na dawa. Walijiandikisha zaidi ya 2,000 kwa jumla. Walihudhuria kliniki, walitolewa damu, waliulizwa kama wanameza, na takriban asilimia 95 walisema ndiyo. Aprili 2011 utafiti ukasimamishwa kwa kukosa matumaini ya kuonyesha tofauti. Damu ilipopimwa, chini ya wanawake 40 katika kila 100 walionekana na dawa ya hivi karibuni mwilini. Wengi hawakuwa wakimeza. Mwanamke aliyeona hatari yake ni ndogo, au aliyeogopa kidonge kisicho na jina, au aliyejua kwamba akikutwa na kopo lile atadhaniwa mgonjwa, alifanya hesabu yake kimya. Alisema ndiyo kwa mtu mpole aliyevaa koti jeupe, akasema hapana jioni akiwa peke yake. Saini ilikuwepo, ridhaa ilikuwa nusu. Kama wangekuwa huru kusema kliniki walichokifanya nyumbani, utafiti ungejua mapema zaidi.

Kwa watoto, mambo ni mazito zaidi. Kombewa, upande wa Seme, palikuwa na kituo cha KEMRI na jeshi la Marekani ambako daktari Bernhards Ogutu na wenzake walijaribu mwaka 2005 chanjo ya malaria kwa watoto 400. Ilikuwa salama, haikukinga. Siaya nayo ilishiriki chanjo ya rota, inayozuia kuhara kwa watoto wachanga: Kenya, Ghana na Mali ziliandikisha watoto 5,468 kati ya 2007 na 2009, kinga dhidi ya kuhara kukali ikawa asilimia 39, ndogo kuliko Ulaya lakini yenye thamani kubwa mahali ambapo kuhara huua. Chanjo ya rota iliingia katika kliniki za Kenya Julai 2014.

Halafu ikaja RTS,S, chanjo nyingine ya malaria. Kati ya 2009 na 2014 watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika walishiriki, na kati ya vituo 11 vitatu vilikuwa Kenya: Kilifi, Siaya na Kombewa. Mtoto wa mwaka mmoja anaingiaje katika jambo kama hilo? Kwanza baraza, ambako mtafiti anasimama juani na kuulizwa mbona hamjaanza na watoto wenu. Kisha mhudumu wa afya wa kijiji anapita bomani jioni, mama anapika, mazungumzo yanafanyika huku moto ukipulizwa. Mama anasema atamuuliza baba, na baba yuko bichi akivua au yuko Nairobi, basi simu inapigwa. Mama mkwe anasikiliza bila kusema kitu, na kimya chake kina uzito kuliko fomu. Siku ya kliniki karatasi inasomwa kwa Dholuo, ukurasa kwa ukurasa. Damu inaelezwa kwa vijiko vya chai. Mama anaulizwa aeleze kwa maneno yake alichokielewa. Asipoweza, inasomwa upya. Asiyejua kuandika anaweka kidole kwenye wino mbele ya shahidi aliyemchagua. Anarudishiwa nauli ya bodaboda. Na anaambiwa jambo moja ambalo mama wengi hulishika kuliko yote: mtoto akiugua, usiku au mchana, kuna daktari.

Waliokuwa katika kundi la ulinganisho hawakudungwa maji. Watoto wa miezi 5 hadi 17 walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na wachanga zaidi chanjo ya uti wa mgongo, ili kila mkono uliotolewa upate kitu. Mtu aliyelifikiria hilo aliielewa heshima. Baada ya miaka minne, kwa watoto wa kundi la umri mkubwa waliopata dozi nne, vipindi vya malaria vilipungua kwa asilimia 36. Baadaye Siaya ilijaribu nyingine, ya vimelea vilivyodhoofishwa kwa mionzi na kuchomwa moja kwa moja mshipani, kwa watoto wachanga 336. Wazazi 336 walikubali mtoto atafutwe mshipa. Haikufaulu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021 bila kufichwa. Wazazi hao wanastahili shukrani ileile wanayopewa wa RTS,S, maana bila wao njia hiyo ingebaki haijulikani.

Tarehe 13 Septemba 2019 RTS,S ilizinduliwa Homa Bay kama mpango wa majaribio ya utekelezaji, katika sehemu za kaunti nane za ziwa na magharibi, sambamba na Malawi na Ghana. Hapa nina lawama. Jaribio la awali lilikuwa limeacha maswali kuhusu homa ya uti wa mgongo na kuhusu vifo vya wasichana, na mpango huu ulikusudiwa pia kuyajibu. Lakini maeneo yaligawanywa kwa kura na chanjo ikatolewa kama chanjo za kawaida za kliniki. Mama aliyemleta mtoto alihesabiwa amekubali. Februari 2020 jarida la BMJ liliandika kwamba huo ulikuwa ukiukaji mkubwa wa maadili. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba ni huduma iliyoidhinishwa na nchi husika. Maswali yale baadaye yalijibiwa vizuri: hatari zile hazikuonekana tena, na vifo vya watoto wenye umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Hata hivyo, watu walewale waliosomewa kurasa kwa Dholuo mwaka 2009 walikuwa na haki ya kusomewa na mwaka 2019. Kushinda hakufuti deni la kuuliza.

Korona iliikuta jamii hiyo ikiwa na kumbukumbu zote hizi. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walikuwa wameituhumu chanjo ya pepopunda kuwa inafunga uzazi, na shaka hiyo haikuisha makanisani. Tarehe 1 Aprili 2020, wiki tatu hivi baada ya mgonjwa wa kwanza Kenya, daktari na mtafiti wa Ufaransa walizungumza kwenye televisheni juu ya kujaribu chanjo ya kifua kikuu dhidi ya korona Afrika, mahali pasipo na barakoa wala matibabu. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyaita matamshi hayo ya kibaguzi. Mwezi huohuo, Siaya, mtu aliyefariki alizikwa usiku na maafisa waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, mwili ukishushwa katika kaburi fupi bila jeneza, bila matanga, huku watu wakilia gizani. Video ilienea nchi nzima. Kwa Mluo, namna unavyomzika mtu ndiyo namna ulivyomthamini. Baada ya usiku ule, kila aliyekuja na mavazi meupe na sindano alikuwa na mlima wa kupanda.

Jaribio la kwanza la chanjo ya korona Kenya lilifanyika pwani, Kilifi, kuanzia Oktoba 2020, kwa chanjo ya Oxford na AstraZeneca; walengwa walikuwa watu 400 na wahudumu wa afya ndio walioanza. Uamuzi huo wa mganga kudungwa kwanza mbele ya watu ulijibu lile swali la kale la barazani. Baadaye Kenya iliingia katika utafiti wa Ubuntu, ulioanza Desemba 2021 katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, wa chanjo ya Moderna hasa kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Hakuna aliyepewa sindano tupu. Kila aliyejitolea alipata chanjo yenyewe. Hilo lingekuwa jambo la kufurahisha kabisa kama si tarehe. Desemba 2021 ni miezi sita baada ya Delta kupita Kisumu.

RTS,S nayo ilichelewa: maeneo ya ulinganisho ya kaunti za ziwa yalifikiwa Machi 2023, miaka 14 baada ya Kombewa na Siaya kuandikisha mtoto wa kwanza. Asembo ilingoja chandarua miaka miwili.

Watoto wa 2009 sasa wanafikia miaka 18, umri wa kutia saini wenyewe, na vituo vya utafiti bado viko pale, ingawa kukatwa kwa misaada ya Marekani tangu Januari 2025 kumetikisa kazi za afya nchi nzima. Chanjo mpya za kifua kikuu, malaria na ukimwi zitakuja kuwatafuta. Fomu watakayosomewa itaeleza madhara, vijiko vya damu, nauli na haki ya kujitoa, kwa sababu hayo sheria inayadai. Ninachotaka kamati za maadili zidai nacho, kabla ya muhuri wowote, ni mstari unaosema chanjo ikifaulu itafika zahanati ya Kombewa, ya Siaya, ya Bondo mwaka gani, na nani ameweka fedha yake kando kwa kazi hiyo.